Wavu kamili, kiakisi au shirikisho: kupanga BGP ya ndani mtandao unapokua

Ukiwa na rauta tatu zinazozungumza BGP, itifaki ya kupashana habari za njia za intaneti, moja kwenye kituo cha data cha Mombasa Road jijini Nairobi, moja Westlands na moja Thika, huna la kuchagua. Unaziunganisha zote, kila moja na wenzake, na kazi imeisha. Swali huja mtandao ukishatanuka. Umefungua Nakuru na Kisumu, mteja mkubwa wa Eldoret anataka rauta mbili, kisha mkurugenzi anatangaza kwamba kampuni imenunua mtoa huduma mdogo wa Mombasa mwenye mafundi wake, OSPF yake (itifaki ya kutafuta njia ndani ya mtandao) na mazoea yake. Hapo mafundi hugawanyika. Mmoja anasema tuweke kiakisi cha njia, mwingine amesoma kuhusu shirikisho na anataka kulijaribu, na wa tatu haoni kwa nini tuache wavu kamili ambao haujawahi kutusumbua.

Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa mtandao wake. Makala haya yanawafaa mafundi na wasimamizi wa watoa huduma wadogo na wa kati, vyuo na mashirika yenye matawi mengi, ambao tayari wana namba ya AS, yaani ya mtandao unaojitegemea, kutoka AFRINIC, shirika linalogawa namba za intaneti Afrika, na sasa wanatafuta njia ya kupanga ndani ya nyumba yao.

Ubishi wote unatokana na kanuni moja. BGP ikivuka kutoka AS moja kwenda nyingine, kila AS huandika namba yake kwenye njia. Rauta ikipokea njia yenye namba yake, inajua imezunguka na inaitupa. Ndani ya AS moja hakuna namba inayoongezwa, kwa hiyo hakuna alama ya kugundua mzunguko. Ndiyo maana itifaki inakataza: njia uliyoipata kwa jirani wa ndani, usimpe jirani mwingine wa ndani. Kanuni hiyo inalinda, lakini ina bei yake, kwa sababu kila rauta lazima isikie habari moja kwa moja kutoka kwa kila mwenzake. Rauta 5 zinahitaji jozi 10 za ujirani, rauta 12 zinahitaji 66, rauta 20 zinahitaji 190, na ukifika 40 una jozi 780 za kutunza.

Dawa mbili za tatizo hili zilichapishwa mwaka 1996 katika RFC, hati za kiufundi za intaneti, zikiwa na namba zinazofuatana: RFC 1965 kwa shirikisho na RFC 1966 kwa kiakisi. Matoleo yanayotumika leo ni RFC 5065 ya mwaka 2007 na RFC 4456 ya mwaka 2006. Kwa hiyo hakuna iliyo ngeni wala iliyochakaa.

Tupime kwa vigezo gani

Nitapima kila mpangilio kwa mambo matano: idadi ya ujirani na kazi ya kuongeza rauta mpya, njia ambazo kila rauta inaziona, ugumu wa kuhama kutoka ulipo sasa, hali inavyokuwa kitu kikiharibika, na watu, yaani nani ana ruhusa ya kugusa rauta ipi.

Wengi huanza na kuishia kwenye kigezo cha kwanza. Naona wanakosea, na hesabu yenyewe inaonyesha hivyo. Chukua zile rauta 12. Ukiweka viakisi viwili na rauta 10 zilizobaki zikawa wateja wake, una ujirani 20 pamoja na mmoja kati ya viakisi vyenyewe, jumla 21. Ukizigawa rauta hizo hizo katika AS ndogo tatu za rauta nne nne, kila AS ndogo ina jozi 6 ndani yake, jumla 18. Ongeza ujirani wanne wa mipakani, AS ya katikati ikishikana na kila moja ya nyingine mara mbili, upate 22. Ishirini na moja dhidi ya ishirini na mbili! Dawa zote mbili zimepunguza 66 kwa kiasi kinacholingana, na bado hujapata sababu ya kuchagua moja. Sababu iko kwenye vile vigezo vinne vingine, na mara nyingi iko kwenye kile cha mwisho.

Wavu kamili

*Idadi na kazi.* Kuongeza rauta ya kumi na tatu kunamaanisha kugusa rauta kumi na mbili. Ukifanya kwa mkono, siku moja utasahau moja, na rauta hiyo itaishi bila kujua njia fulani hadi mteja alalamike. Makundi ya majirani yanapunguza uandishi. Programu ya kusanidi kwa pamoja kama Ansible inapunguza zaidi, kiasi kwamba mtandao wa rauta 15 unaosanidiwa kwa programu unaweza kuwa rahisi kuutunza kuliko wa rauta 8 unaosanidiwa kwa kumbukumbu za mtu mmoja.

*Njia zinazoonekana.* Hapa wavu kamili hauna mpinzani. Kila rauta inapokea njia bora ya kila mlango wa kutokea, kisha inachagua yenyewe ikiwa pale ilipo. Mlango mmoja ukifungwa, mara nyingi njia mbadala tayari imo kwenye kumbukumbu ya rauta, haingoji kuletewa.

*Kuhama.* Hakuna kuhama, kwa kuwa ndipo kila mtu anapoanzia.

*Hitilafu.* Hakuna rauta yenye cheo. Ikizimika moja, zinapotea njia zake tu. Kutafuta kosa pia ni rahisi, kwani aliyekupa njia ndiye aliyeileta ndani ya mtandao na hakuna mtu wa kati.

*Watu.* Wavu kamili unadhani kwamba timu moja inafika kila rauta. Ikiwa fundi wa Mombasa lazima ampigie simu fundi wa Nairobi kila anapoongeza rauta, na wa Nairobi lazima apate kibali cha mabadiliko kwa vifaa vyote, wavu utakwama kwa sababu ya karatasi kabla haujakwama kwa sababu ya hesabu.

Unawafaa wenye rauta chache zinazozungumza BGP. Sisitiza hayo maneno ya mwisho. Si kila rauta ya tawi inahitaji BGP, na tawi lenye waya mmoja tu wa kutokea linatosheka na njia ya msingi (default route), inayopeleka kila kitu upande mmoja. Kabla ya kununua dawa, hesabu upya wagonjwa.

Kiakisi cha njia

Kiakisi ni rauta iliyopewa ruhusa ya kuvunja ile kanuni kwa utaratibu. Njia inayotoka kwa rauta mteja huipeleka kwa wateja wengine na kwa majirani wasio wateja. Njia inayotoka kwa asiye mteja huipeleka kwa wateja pekee. Ili mzunguko usitokee, huongeza sifa mbili kwenye njia: kitambulisho cha rauta iliyoileta kwanza, na orodha ya makundi ya viakisi ilimopita. Rauta ikijiona humo, inaitupa njia hiyo.

*Idadi na kazi.* Rauta mpya inahitaji majirani wawili tu, viakisi vyenyewe, na rauta nyingine hazijui kama kuna mgeni. Upande wa kiakisi, amri inayofanya kazi yote ni mstari mmoja kwa kila mteja:

```
neighbor 192.0.2.12 route-reflector-client
```

Upande wa mteja huandiki chochote cha pekee. Yeye anaona jirani wa ndani wa kawaida.

*Njia zinazoonekana.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa jiografia yetu hili si jambo la vitabuni. Kwa kawaida kiakisi kinapeleka njia moja tu kwa kila anwani ya mtandao, ile kinachoiona bora kikiwa mahali kilipo. Kebo za baharini zinazotuunganisha na dunia, kama SEACOM na TEAMS za mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010, zinatua Mombasa. Tuseme unanunua intaneti kwa mtoa huduma wa kimataifa kwenye milango miwili, Nairobi na Mombasa, na viakisi vyako vyote viwili viko Mombasa Road kwa kuwa ndiko kwenye stima ya uhakika. Milango yote miwili ina sifa sawa, hivyo viakisi vinachagua ulio karibu navyo, wa Nairobi. Rauta yako ya Malindi, isiyo na mlango wake wa nje, inaambiwa habari ya mlango wa Nairobi peke yake. Trafiki ya mteja wa Malindi inapita Mombasa, inapanda hadi Nairobi, inakabidhiwa kwa mtoa huduma, naye anaishusha tena Mombasa kuitia baharini. Hakuna kilichoharibika na hakuna taa nyekundu, ila mteja anauliza kwa nini michezo yake ya mtandaoni inakwama.

Kuna tiba. Unaweza kuweka kiakisi kimoja pwani ili wateja wa pwani wasikie mtazamo wa pwani. Unaweza kuwasha utaratibu wa kutuma njia zaidi ya moja ulioelezwa katika RFC 7911 ya mwaka 2016, ikiwa kiakisi na mteja wote wawili wanauelewa. RFC 9107 ya mwaka 2021 inaeleza jinsi kiakisi kinavyoweza kuchagua kwa niaba ya mteja, kana kwamba kimesimama alipo mteja. Ya kwanza ndiyo nafuu na ndiyo ningeanza nayo.

*Kuhama.* Hii ndiyo nguvu kubwa ya kiakisi. Unahama polepole. Unaongeza kiakisi juu ya wavu uliopo, unaifanya Nakuru kuwa mteja, unatazama wiki nzima, kisha unaondoa ujirani wa Nakuru usiohitajika. Namba ya AS haibadiliki popote. Ukijuta, unarudi nyuma kwa mstari mmoja.

*Hitilafu.* Kiakisi kimoja ni mtego, kwa hiyo weka viwili, na visiwe kwenye kabati moja wala kwenye waya mmoja wa stima. Je, vipewe kitambulisho kimoja cha kundi au kila kimoja chake? Wapo wanaopenda kimoja kwa kuwa kinaokoa kumbukumbu. Mimi nakwenda na viwili tofauti. Ujirani wa mteja na kiakisi kimoja ukikatika, kiakisi cha pili bado kinaweza kukipa cha kwanza njia za mteja huyo bila kutupwa kwa sababu ya kitambulisho kufanana. Kumbukumbu ya rauta ni rahisi kununua kuliko usingizi. Jambo jingine la kuangalia ni kwamba ujirani wa viakisi ufuate umbo la nyaya. Ukimfanya mteja wa Kisumu asikilize kiakisi cha Mombasa huku trafiki yake inapita kwa rauta inayosikiliza kiakisi cha Nairobi, rauta hizo mbili zinaweza kutofautiana mlango na kurushiana paketi huku na huko.

*Watu.* Kiakisi kinataka timu moja na itifaki moja ya ndani, OSPF au IS-IS, inayofika kote, kwa sababu kituo kinachofuata cha kila njia (next hop, yaani rauta ya kupelekewa paketi) lazima kifikike kutoka kila kona. Mwenye kiakisi ndiye mwenye mtandao. Kama hilo ni kweli ofisini kwenu, vizuri. Kama si kweli, utaligundua siku ya kubishana sera.

Shirikisho

Wazo la shirikisho ni tofauti kabisa. Badala ya kuvunja kanuni, unaigawa AS yako katika AS ndogo kadhaa, na kati yake unatumia BGP inayofanana na ya nje. Kila AS ndogo inaandika namba yake kwenye njia, kwa hiyo mzunguko unagundulika kwa mbinu ile ile ya zamani. Njia ikitoka nje ya shirikisho, namba zote za ndani zinafutwa na kubaki moja, ile ya shirikisho. Ni kama matatu za sacco: abiria anasoma jina moja ubavuni mwa gari, lakini kila mwenye gari ana dereva wake na daftari lake la hesabu. Jirani yako pale KIXP, kituo cha Kenya cha kubadilishana trafiki ya intaneti, ataona namba moja tu, ile uliyopewa na AFRINIC, hata ukiwa na AS ndogo saba ndani.

Namba za ndani huombi kwa mtu. Unachukua kutoka safu ya namba binafsi, 64512 hadi 65534, ambazo ni 1,023, na zikikuishia kuna safu ya pili ya tarakimu kumi inayoanzia 4200000000.

*Idadi na kazi.* Tumeshaona kwamba hesabu inakaribiana na ya kiakisi. Lakini kazi ya usanidi imesambaa zaidi, kwa sababu kila rauta ya shirikisho lazima ijue kwamba imo ndani ya shirikisho, hata ile ya pembeni isiyo na jirani wa AS ndogo nyingine. Isiyoelewa sehemu za njia za aina hiyo itaziona kama kosa. Kwa mfano, rauta ya mpakani ya Nairobi katika AS ndogo 65001, inayoshikana na ya Mombasa katika 65003, huku namba ya shirikisho ikiwa 64500, inaandikwa hivi kwenye Cisco, na FRRouting, programu huria ya rauta, inatumia amri zinazofanana:

```
router bgp 65001
 bgp confederation identifier 64500
 bgp confederation peers 65002 65003
 neighbor 192.0.2.31 remote-as 65003
 neighbor 192.0.2.31 update-source Loopback0
 neighbor 192.0.2.31 ebgp-multihop 2
 neighbor 192.0.2.31 next-hop-self
```

Mistari hii ndiyo inayowatoa watu jasho, basi tuipitie. Wa kwanza unabeba namba ya AS ndogo, siyo ya umma. Wa pili ndio uso unaoonekana nje. Wa tatu unaitajia rauta ni namba zipi nyingine ni ndugu, na ndio unaosahaulika zaidi. Ukiuacha, rauta inamchukulia jirani wa 65003 kama mtu wa nje kabisa, inajitambulisha kwake kwa namba 64500, naye alikuwa anangoja 65001. Ujirani hausimami, na kwenye kumbukumbu unaona ujumbe kwamba namba ya AS ya jirani si sahihi. Fundi anakagua nyaya, anakagua anwani, anakagua nywila, kumbe ni mstari mmoja. Mimi napendelea kuuandika sawasawa kwenye kila rauta, za mpakani na zisizo za mpakani, ili kesho mpaka ukihama usianze kutafuta.

Mstari wa `ebgp-multihop` unahitajika kwa sababu ujirani huu, ijapokuwa ni wa kindugu, unafuata desturi ya nje ya kutoruhusu paketi kuvuka zaidi ya hatua moja. Ukitumia anwani za lupubaki (loopback, anwani ya rauta yenyewe isiyofungwa kwenye waya wowote), hatua moja haitoshi. Na hakikisha lupubaki ya mwenzako inafikika kwanza, hata kwa njia ya kuandikwa kwa mkono.

Kwenye Junos, mfumo wa rauta za Juniper, mpangilio ni mfupi zaidi: unataja AS yako ndogo, kisha namba ya shirikisho pamoja na orodha ya wanachama wote, wewe mwenyewe ukiwemo.

*Njia zinazoonekana.* Kila AS ndogo inapeleka mpakani njia yake bora tu, kwa hiyo kuna kufichika kwa njia kama ilivyo kwa kiakisi. Lakini mipaka ikifuata ramani, pwani ikiwa AS yake, Malindi itausikia mlango wa Mombasa bila wewe kufanya lolote la ziada. Sifa za ndani haziguswi zikivuka mpaka: upendeleo wa ndani unabaki, MED (dokezo la jirani kuhusu mlango upi utumike) inabaki, na kituo kinachofuata nacho kinabaki kilivyo, isipokuwa ukikibadilisha kwa mstari ule wa mwisho hapo juu.

Kuna mtego mmoja hapa unaostahili wino mwekundu. Namba za AS ndogo hazihesabiwi katika urefu wa njia. Njia iliyopita AS ndogo nne na iliyopita moja zina urefu sawa machoni pa BGP. Ukizipanga AS zako kama mnyororo, Kisumu kwa Nakuru kwa Nairobi kwa Mombasa, kuna hatari trafiki ikachagua mzunguko mrefu bila kosa lolote kuonekana. Ndiyo maana ushauri wa zamani bado unafaa: AS ndogo moja iwe katikati, nyingine zote zishikane nayo, na zisishikane zenyewe kwa zenyewe. Kwetu katikati ni Nairobi, kwa kuwa nyaya zenyewe zimeshaamua hivyo.

*Kuhama.* Hapa shirikisho linauma. Namba kwenye `router bgp` inabadilika kwenye kila rauta, na kwenye vifaa vingi hilo linamaanisha kufuta BGP yote na kuiandika upya. Ni kazi ya usiku, yenye tangazo kwa wateja na mtu anayekaa kituoni akiwa na kebo ya konsoli mkononi. Unaweza kuifanya kwa awamu, AS ndogo baada ya AS ndogo, lakini kila awamu ina kukatika kwake. Ukianza mtandao mpya kabisa, gharama hii haipo.

*Hitilafu.* Faida ya shirikisho ni kwamba njia inajieleza. Ukitazama jedwali la BGP unaona namba za AS ndogo ndani ya mabano, kwa mpangilio zilivyopitiwa, na unajua papo hapo kwamba habari hii imetoka Kisumu ikapita Nairobi. Kwa kiakisi inabidi ufungue maelezo ya njia moja moja usome orodha ya makundi. Tena kosa la sera katika AS ndogo moja unaweza kulizuia mpakani. Kuna hata lebo ya komuniti iliyowekwa kwa kazi hiyo tangu mwaka 1996, `NO_EXPORT_SUBCONFED`, inayozuia njia isitoke nje ya AS ndogo, wakati `NO_EXPORT` ya kawaida inazuia isitoke nje ya shirikisho zima.

*Watu.* Sasa turudi kwa ile kampuni ya Mombasa iliyonunuliwa. Ina mafundi wake, ina OSPF yenye anwani zilizopangwa kwa akili nyingine, na nusu ya vifaa vyake ni vya kampuni usiyoizoea. Kuiunganisha chini ya kiakisi cha Nairobi kunataka itifaki moja ya ndani kote, yaani miezi ya kuhamisha anwani huku pande mbili zikilaumiana. Chini ya shirikisho, kila upande unabaki na itifaki yake ya ndani. Rauta za mpakani zinajitaja kuwa kituo kinachofuata, na kinachovuka ni njia za BGP peke yake. Fundi wa Mombasa anaongeza rauta zake bila kumwomba mtu. Dunia inaona kampuni moja. Wateja wake wanaolipa ambao bado wameandika namba ya zamani ya AS kwenye rauta zao wanaweza kuendelea hivyo kwa muda kwa kutumia `local-as` upande wako, mpaka utakapowafikia mmoja mmoja.

Kuchanganya

Kiakisi na shirikisho havigombani. AS ndogo ikikua hadi rauta 15, ndani yake unaweka viakisi viwili na mipaka inabaki ilivyo. Tatizo ni kwamba anayekuja baada yako lazima aelewe vyote viwili. Ningefanya hivyo pale tu ambapo mgawanyo wa timu ni wa kudumu.

Neno moja kuhusu MED: mipangilio yote miwili inaweza kuingia katika kuyumba kusikokwisha, ambako rauta zinabadilishana uamuzi bila kutulia. RFC 3345 ya mwaka 2002 inaeleza hali hiyo kwa kiakisi na kwa shirikisho pia. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba mmoja una kinga.

Kwa hali yako

Una rauta chini ya kumi zenye BGP na timu moja: baki na wavu kamili, na weka nguvu kwenye programu ya usanidi. Huna tatizo bado.

Una rauta kati ya kumi na thelathini, timu moja, OSPF au IS-IS moja inayofika kote, na huwezi kuwazimia wateja: kiakisi. Anza na viwili, vyenye vitambulisho tofauti, na ikiwa una mlango wa kimataifa pwani, kimoja kikae pwani.

Umeunganisha kampuni mbili, au taasisi yako ina kampasi zenye idara zake za mtandao ambazo hazitakubali kuongozwa na ofisi ya Nairobi: shirikisho litakupa amani ambayo kiakisi hakiwezi kukupa. Lakini hakikisha kwanza kwamba kila rauta, pamoja na ile nzee iliyosahaulika Nyeri, inaelewa shirikisho. Ikibaki moja isiyoelewa, itoe kwenye BGP kabla ya kuanza.

Umeunganisha kampuni mbili lakini kila moja ina namba yake ya umma na mikataba yake ya kununua intaneti, na hakuna anayedai zionekane kama moja: usifanye chochote kati ya haya. Ziunganishe kwa BGP ya kawaida ya nje, kwa sera iliyoandikwa vizuri, na uulize tena mwaka ujao.

Unajenga mtandao mpya unaojua utagawanywa kimkoa, Kisumu na timu yake, Mombasa na timu yake: huu ndio wakati pekee ambapo shirikisho halina gharama ya kuhama. Panga namba za AS ndogo leo, hata kama kwa mwaka wa kwanza mafundi wote wanakaa chumba kimoja Mombasa Road.

Na ikiwa anayeijua BGP kwenu ni mtu mmoja, chagua ule ambao fundi wa zamu anaweza kuusoma saa nane usiku bila kumpigia simu. Mpe majedwali ya mipangilio miwili unayofikiria, kwenye maabara ya FRRouting isiyohitaji kununua kifaa, zima rauta moja bila kumwambia ipi, na utazame ni upi anaupatia jibu.